Shabani, Nimewaambia Ulichelewa Kubalehe

Shabani, mtani wangu,

Kama huko uliko mtu anaruhusiwa kukasirika, basi kasirika umalize kabisa, maana nimetoboa siri yako. Si ile ya kuogopa paka. Ile ya masharubu.

Najua uliniapisha. Siku ya msiba wako niliitunza. Wazaramo wenzako walitungoja sisi Wanyamwezi tufanye kazi yetu ya utani, nami nikaifanya: nikalala kitandani kwako na viatu, nikakoroma unavyokoroma, nikainuka nikapima mlango kwa mkono kama unavyompimia mteja pazia. Watu wakacheka, mkeo akacheka huku analia. Lakini masharubu sikuyagusa. Mtani ana ruhusa ya kusema kila kitu juu ya marehemu, nami nikakubakizia hicho kimoja.

Sasa sikiliza. Mwanao Idrisa ametimiza miaka kumi na sita na yuko vilevile ulivyomwacha. Ndevu hakuna, kimo hakuna, sauti ni ileile ya kaswida. Akitoka shule anamsaidia mama yake dukani, na akipokea simu wateja wanamwambia, "Dada, yale mapazia ya kijani bado yapo?" Mwanzoni alikuwa anawajibu tu. Baadaye akawa akisikia simu inaita anajificha nyuma ya mapazia, na alivyo mdogo, haonekani hata miguu.

Na mchawi wa yote haya ni wewe. Si wewe uliyekuwa ukimwambia kila anayepita Kariakoo kwamba darasa la sita ulikuwa unanyoa? "Sisi kwetu ndevu zinawahi." Uliisema mpaka nadhani na wewe ukaiamini.

Shemeji akampeleka hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, akampima, akaagiza picha ya mkono, akaona mifupa yake iko nyuma ya umri wake, bado ina nafasi ya kukua. Akaeleza kwamba wakati wa kubalehe kwa sehemu kubwa tunaurithi. Vinasaba vya baba na vya mama ndivyo vinavyouambia mwili uanze sasa au usubiri, ingawa chakula na maradhi navyo vinachangia. Mtoto anayechelewa, mara nyingi ukiulizia utakuta baba au mama naye alichelewa. Basi akauliza: mama, wewe ulianza lini? Shemeji akasema, kama wenzangu tu. Na baba yake? Shemeji, maskini wa Mungu, akajibu kwa fahari zote kwamba darasa la sita ulikuwa unanyoa. Daktari akakunja uso, akaandika vipimo vingine. Umeshazikwa na bado unampotosha daktari!

Mimi hayo yote nimeyajua Jumapili, nilipokwenda kwako Ilala kula pilau. Nikamkuta kaka yako Sultani ametoka Kisarawe, ameitisha kikao. Anataka kijana apewe unga wa mganga mmoja wa Msimbazi, wa kuchanganya na asali. "Ukoo wetu hauchelewi," anasema. "Hii imetoka wapi?"

Idrisa akaweka sahani chini. Akasema kwa kale kasauti kake, "Basi labda mimi si wa baba."

Shabani. Mama yake aliinuka akaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Ningekuwa na uwezo ningekufukua nikutie makofi mawili, kisha nikukumbatie.

Nikasema yote. Kwamba kidato cha tatu ulikuwa na miaka kumi na saba na kidevu kama yai. Kwamba uliiba wanja wa shangazi yako ukajichora masharubu, tukaenda Jangwani kutazama mpira, na mvua ikatukuta tukirudi. Masharubu yakateremka, yakapita mdomoni, yakafika kidevuni, na wewe bado unaniuliza, "Yako sawa?" Nikakwambia yameshakuwa ndevu. Nikawaambia pia kwamba sauti ilikuvunjikia kidato cha nne, mwalimu akiita majina. Ukaitikia, naye akauliza ni mzazi gani kaingia darasani.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na jagi lake. Sijawahi kumwona anacheka vile tangu uondoke.

Kaka Sultani hakucheka. Akakohoa, akautazama mlango, akaona haupitiki. "Hata mimi," akasema, "nimeoa sina unywele kidevuni. Mzee alinivalisha kofia kubwa nionekane mtu." Tukamuuliza, na Mzee mwenyewe je? Akasema Mzee ndiye aliyetupita sote kwa kuchelewa. Kumbe ukoo mzima mnadanganyana, kila mtu anadhani ni peke yake!

Idrisa aliniambia, "Baba mdogo, rudia pale pa mvua." Nikarudia. Akataka tena. Mara ya tatu alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, akajipangusa kwa mkono wa shati kama ufanyavyo wewe. Unga wa asali umerudi Msimbazi. Daktari naye ameambiwa, akasema sasa picha imekamilika, wamrudishe baada ya miezi sita amwangalie.

Samahani, ila siri haipo tena hata kidogo. Idrisa mwenyewe anaitangaza. Mteja akimwita dada, anamwambia, "Mimi ni kijana, nachelewa kama marehemu baba." Anasema hivyo amenyoosha shingo, na mtaa wote sasa unajua habari za wanja. Wazee wa kahawa wamekucheka wiki nzima. Nami nimecheka nao, halafu nikageuka kukutafuta, kwa sababu wewe ungecheka kuliko wote.

Lala salama, mtani. Mungu akupanulie hapo ulipo. Siku mwanao akishapata sauti ya kiume, ambayo najua itafanana na yako, nakuahidi nitamleta makaburini akutolee salamu. Yeye atakuwa anazungumza na wewe. Mimi nitafumba macho, nijifanye ni wewe unayezungumza na mimi.

Wako,
Maganga