Kitambaa Hiki Kina Mwenyewe

Babu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini siwezi kukuandikia neno jingine kabla ya hilo.

Karatasi hii nimeinunua mwenyewe dukani, si ya ofisi. Naandika wazi, asome yeyote, kwa sababu kosa langu nililifanya mbele ya watu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mwenye kitambaa hutajwa mbele ya watu. Basi na aliyetajwa kimakosa aondolewe mbele ya watu vilevile.

Kwa wasiokujua, niseme kwanza jinsi ulivyokuwa. Uliishi Lituhi, nyumba ya tatu kutoka ufukweni mwa ziwa, na hukuwahi kuwa na mtumbwi. Majirani walitandaza nyavu juani. Wewe ulipigilia vigingi vinne ardhini nyuma ya nyumba, ukafunga nyuzi zako za urefu, zile ulizoziita mtande, ukakaa chini miguu umeinyoosha na kuanza kufuma. Pamba ulipanda kando ya mihogo. Uliichambua mbegu kwa vidole, ukaipiga kwa kamba ya upinde mdogo mpaka ikaumuka, kisha ukaisokota kwa kijiti chenye kigae mwishoni, ukikiviringisha juu ya paja.

Miaka ile ya uhaba, rafu za duka la kijiji zilipokuwa tupu na watu wakijifunga magunia, ulifuma kwa sababu watu walikuwa wanasubiri. Kila kitambaa kilikuwa na mtu wake: mtoto aliyekaribia kuzaliwa, bwana harusi, na mara nyingi mno marehemu. Kanuni yako ilitoka huko. Kitambaa hakikatwi kwenye vigingi mpaka mwenyewe atajwe mbele ya watu, na akishatajwa hakuna wa kumnyang'anya.

Kisha biashara ikafunguliwa. Marobota ya mitumba yakashushwa Mbinga, yakafika mpaka Lituhi, na mtu aliyevaa gunia jana akaonekana na koti la sufu mchana wa jua kali. Nilikuwa kidato cha tano, nimekuja likizo, nikakukuta unapigilia vigingi vyako kama kawaida. Bibi alikuwa anaparua samaki.

"Mume wangu, mwangalie mwenzako," aliniambia. "Shati zima lipo sokoni, yeye anahangaika na uzi."

"Mwache mke wetu aseme," ulinijibu mimi badala ya kumjibu yeye. "Maisha yangu yote nimefuma kwa kukimbizwa. Maiti hasubiri, mtoto hasubiri. Sasa hakuna anayenisubiri. Sasa ndiyo naanza kufuma."

Sikukuelewa siku ile. Nilidhani ni uzee.

Likizo hiyo ulinipa kijiti. Nilikipokea kwa mkono wa kulia, kama nilivyofunzwa kwa rula shule ya msingi, na pamba ikanikatikia mara ishirini. Ulitazama, ukatafuna muhogo wako, ukasema, "Jaribu na ule mkono waliouchapa." Nikahamishia kushoto, kwenye paja la kushoto. Uzi ukatoka. Ulikuwa mnene hapa na mwembamba pale, lakini ulitoka, nami nikasikia kitu ambacho sijakisikia darasani wala ofisini: pamba inavutika, inakaribia kukatika, halafu inakubali.

Uliuchukua, ukaulinganisha na wako. "Huu umejisokota kinyume na wangu."

"Nianze upya, Babu?"

"Umekatika?"

"Haujakatika."

"Basi ni uzi. Endelea, Karani."

Uliniita Karani kabla sijapata kazi ya ukarani, kwa sababu nilikuwa nahesabu nyuzi zako na kukuambia moja imeruka. Ulikuwa unaifumua safu nzima, bila kinyongo, na kuirudia. Nilipokuuliza kwa nini hukasiriki, ulisema kufumua nako ni kukaa na uzi.

Kitambaa cha mwisho, kile ulichokipigilia vigingi likizo ile, ulikifikisha kama theluthi. Mtande wote ni wa mkono wako, na mshindio, ule uzi unaopita katikati kwenda na kurudi, ni wako pia mpaka pale ulipolala na usiamke. Baada ya mazishi Bibi aling'oa vigingi, akakunja kila kitu na kunikabidhi. "Chukua, mume wangu. Mwenzako hakuniambia ni cha nani. Nilimuuliza, akacheka."

Nilikipandisha kwenye lori la mihogo mpaka Mbinga, nimekikumbatia njia nzima kama mgonjwa. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa vigingi vyako vimesimama katika ua wa nyumba ninayopanga. Nikitoka kazini nabadili shati, nakaa chini, nafuma mpaka jua linapogusa migomba ya jirani. Mimi ambaye hukagua barua mara nne kabla ya kuipeleka kusainiwa, ninayerudi nusu ya njia kuhakikisha nimefunga kabati, nikikaa pale mabega yanashuka. Mahali uzi wako unapoishia na wangu unapoanzia panaonekana. Ukikiinua kitambaa kuelekea jua, wako unang'aa upande mmoja na wangu upande mwingine. Hakuna mshono. Ni mikono miwili tu.

Mama Kapinga, mwenye nyumba, alikuja siku ya kwanza akanisimamia na ungo wake.

"Karani, cha nani hicho?"

"Sijui bado, mama." Nikamweleza kanuni yako.

"Basi mwenyewe ajitokeze mapema, kinanizibia pa kuanikia kahawa."

Hakunihamisha. Alihamisha kahawa.

Wengine hawakuuliza ni cha nani. Waliuliza bei. Siku hizi, Babu, kila mtu ana mradi. Mwalimu anauza maandazi, muuguzi anafuga kuku wa mayai, katekista ana mashine ya kusaga. Siwacheki, mishahara yenyewe tunaijua. Lakini nikisema sifumi kwa kuuza, wananitazama kama mtu anayeficha kitu. "Hobi," niliwahi kumwambia mwenzangu mmoja wa ofisini. Akasema hobi ni ya watu walioshiba.

Mimi sijashiba. Nafuma tu kwa sababu nafurahi.

Sasa nifike kwenye kosa.

Ofisi yetu ni ya kahawa, na tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kupita milimani na mizani zao, mzigo unaotufikia ni mdogo. Tuliambiwa wageni watakuja kutoka Dar es Salaam kutukagua na kwamba baadhi yetu tutapunguzwa. Tangu hapo nimekuwa nikiogopa hata kukohoa. Jumamosi ya wiki iliyopita niliondoka na ufunguo wa kabati la majalada mfukoni, kwa sababu niliogopa kuuacha mezani ukapotea. Mkuu wetu wa ofisi akaufuata nyumbani, mwenyewe, kwa miguu.

Uani walikuwapo Mama Kapinga, binti zake wawili na wapangaji wenzangu. Mkuu alipokea ufunguo. Hakunigombeza, na hilo likaniogopesha zaidi. Alikitazama kitambaa, akainama, akakipapasa.

"Cha nani hiki?"

Babu, nilikuwa na mwaka mmoja na nusu wa kutokuwa na jibu. Mdomo wangu ukalipata kwa kufumba na kufumbua.

"Cha kwako, mzee."

Mama Kapinga aliacha kupepeta.

"Vizuri sana," mkuu alisema. "Wageni wakija tutampa kiongozi wao. Hawa watu wa mjini wanapenda vitu vya asili. Kimalize." Akanishika bega na kuondoka, na nadhani kweli alifikiri amenitendea wema.

"Karani," Mama Kapinga alisema mkuu alipokwisha kupita kona. "Umemtaja mtu."

"Nimemtaja kwa woga, mama."

"Woga wako una mdomo?"

"Unatumia wangu."

"Basi nenda ukaurudishe."

Nilidhani nitanyamaza. Nilianza hata kujishawishi: ni kitambaa tu, Babu alicheka alipoulizwa, labda hakujali. Jumanne mkuu akanipa orodha ya wanaopunguzwa niipige chapa. Majina kumi na moja. Namba kumi na mbili iliachwa wazi, nukta tupu. "Hiyo iache kwanza," aliniambia, akaenda kunywa chai. Nilipiga nukta zile moja moja. Jioni ile nilikaa mbele ya vigingi nikashindwa kupitisha uzi. Niliuficha mkono wa kushoto kama siku zile za rula, na hapo nikakasirika. Nilikuwa nimewaachia wauchape tena, na safari hii mimi mwenyewe nilikuwa nimewashikia rula.

Ijumaa nikabisha hodi mlangoni kwake. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kipande cha karatasi nisije nikasahau.

"Mzee, kuhusu kile kitambaa. Nilikosea."

"Ulikosea wapi?"

"Kusema ni chako. Si chako. Naomba radhi kwa kukudanganya, lakini sitakitoa."

Alivua miwani. "Nitalipia. Taja bei."

"Hakina bei, mzee."

"Kila kitu kina bei siku hizi, kijana. Kupata bei ndiyo kazi inayotushinda hapa." Hakusema kwa hasira. Alionekana amechoka, na nikatambua kwamba naye anawaogopa hao wageni. "Nilishawaambia wenzangu tuna zawadi. Unataka nionekane mtu wa namna gani?"

"Sijui, mzee."

"Ile orodha umeiona. Nafasi moja haina jina."

"Nimeiona. Mimi ndiye niliyeipiga chapa."

"Na unasimama hapo kunieleza habari za kitambaa?"

"Ndiyo, mzee. Habari za kitambaa."

Tulitazamana. Mimi ndiye niliyekuwa mkosa adabu, na sikushusha macho. Akavaa miwani yake. "Nenda kaendelee na kazi," akasema. Sikujua kama alimaanisha kazi ya siku ile au kazi kwa jumla, na sikurudi kuuliza. Mimi, ambaye hurudi kuuliza kila kitu.

Leo Jumapili, nimetoka misani. Kesho wageni wanafika na orodha inabandikwa. Sijui namba kumi na mbili ni nani. Naogopa, Babu, nisikufiche. Kodi ya chumba naiwaza, na Bibi namwaza. Sikukuandikia ili ujue kwamba mjukuu wako ameacha woga. Hajauacha. Amekataa tu kuuachia umtaje mwenye kitambaa.

Maana nimemjua sasa. Nimeikumbuka siku ile nyuma ya nyumba, Bibi na samaki wake, na maneno yako kwamba sasa hakuna anayekusubiri. Miaka yote ulifumia wengine. Hiki ndicho kitambaa pekee ulichokianza kwa raha yako mwenyewe, na Bibi alipokuuliza ni cha nani ulicheka kwa sababu mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake na uzi mkononi. Kilikuwa chako. Ukaniachia mkiani mwake nafasi ya kufanya kile kile, nami nimekifuma jioni kwa jioni bila kukimbizwa na mtu, na hakuna saa nilizowahi kuishi vizuri kuliko hizo.

Basi natamka, na wote wasome. Mkuu wa ofisi nimemtoa. Wageni hawana chao hapa. Asiye na haja nacho asinifundishe kukiuza, na anayeona aibu karani kukaa chini na kusokota pamba pajani apite njia nyingine, njia zipo. Kilichokuwa chako umeniachia mimi: kitambaa hiki ni changu.

Nikimaliza kuandika nitamwita Mama Kapinga na wapangaji, nitawasomea haya kwa sauti, kisha nitakata, maana safu ya mwisho nimekwisha kuifuma. Nimeshanoa kisu. Vigingi sitaving'oa. Ninayo pamba ya Lituhi kwenye mfuko, Bibi alinitumia, na Jumatatu jioni, niwe na kazi au nisiwe nayo, nitafunga mtande mpya wa uzi wa kushoto mtupu.

Kesho asubuhi nitakwenda ofisini nimekitupia begani. Kama nafasi ile bado iko wazi na mkuu akataka ijazwe jina langu, nitaketi kwenye mashine niipige mwenyewe, herufi zote mahali pake, bila kufuta. Nakala ya barua hii nitaibandika kwenye ubao wa matangazo, karibu na orodha, kwa pini zangu.

Lala, Babu. Hakuna anayekukimbiza.

Mimi mjukuu wako wa mkono wa kushoto,
Karani