Baba, Shangazi Hakutia Maji

Shikamoo, Baba.

Unakumbuka siku niliyokuletea programu ya kupimia unyevu wa asali ya kikundi chetu? Tulikaa mimi na wewe kwenye ghala pale Usinge, wewe mwenyekiti, mimi fundi wako wa kompyuta uliyejivunia mbele za watu. Nilikueleza kwamba lazima nichague aina ya namba: nzima, au yenye tarakimu moja baada ya nukta. Nikachagua nzima. Ni nyepesi, nikasema, na karatasi inatoka safi.

Ukaniuliza, "Na hiki kidogo cha baada ya nukta kinakwenda wapi?"

"Kinakatwa, Baba. Hakina maana."

Ukaniamini. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema, lakini kiburi kile sikukirithi kwako.

Juzi nilikuwa nahamishia programu kwenye kompyuta mpya. Nikapima ndoo moja kwa majaribio. Kipimo cha unyevu kikasoma 21.8. Kompyuta ikaandika 21, inafaa. Kikomo chetu ni asilimia ishirini na moja kamili, Baba; ikizidi hapo asali huchacha. Nikarudia mara nne, jibu lile lile. Nikakaa sakafuni.

Hivyo ndivyo madumu ya Shangazi Kalunde yalivyopita. Asali ilikuwa mbichi kidogo tu, yeye mwenyewe hakujua. Ilipofika Tabora ikachacha, vifuniko vikaruka, nasi tukaishika karatasi yangu kama msahafu: ilitoka hapa salama, basi maji katia yeye baada ya kupimwa. Ukaamuru mizinga yake ishushwe mitini, kama tunavyomfanyia mwizi wa asali. Mzinga wa kwanza ulipanda kuushusha mwenyewe, ili watu wasiseme unampendelea dada yako. Nakumbuka ulivyoshuka bila kumtazama. Hamkusemeshana tena mpaka tulipokuzika, na msibani hakuonekana.

Sijui nimeishije miaka yote hii nikijiona mtu mwenye akili. Nina aibu, Baba, na hasira, na bado siamini kwamba nukta moja imefanya yote haya.

Jana nilikwenda kwake. Nilimkuta uani anapepeta mpunga. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimepiga magoti, nikamwambia pia kwamba wanakikundi wote wameshaambiwa na mizinga itarudishwa. Nilidhani atanifukuza. Aliendelea kupepeta, kisha akauliza jambo moja tu.

"Kaka alikufa akiamini nilitia maji?"

Nikasema ndiyo.

Akaweka ungo chini. Akajifunga khanga kiunoni, akaanza kukulilia, Baba, kwa sauti, akikutaja jina lako la utotoni, mpaka majirani wakaja mbio kuuliza nani amefariki.

Pumzika, kama unaweza.

Mwanao