Chumba cha Juu ya Paa Alimofia Ivy

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Riyadh, tarehe 16 Machi 2014

Jina: Eucabeth Kemunto, Mkenya. Umri: miaka 34. Kazi: mfanyakazi wa nyumbani. Makazi: kwa kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini, Abu Fahd, mtaa wa Shumaisi.

Naeleza kwa Kiswahili na mkalimani anaandika. Marehemu Ivy Moraa ni mdogo wangu, tumbo moja. Tulifanya kazi nyumba moja.

Mnamo Novemba mwaka jana bosi alitaka kutujengea chumba juu ya paa. Kwanza alimwita msanifu majengo, Msudani. Niliwamiminia kahawa, na Kiarabu nakielewa, ingawa madam, mke wa bosi, hunichukulia kama kabati. Msudani alisema kibali cha manispaa kitachukua miezi miwili, kwa kuwa dirisha haliruhusiwi kuchungulia ua wa jirani, na chumba cha kulala nacho hakiruhusiwi kukosa dirisha. Angeligeuza litazame barabara. Bosi akaona anacheleweshwa, akaachana naye.

Ndipo akaja Mansur, kaka yake madam. Huyo hujiita msanifu kwa sababu ana kalamu tatu mfukoni na ofisi mtaa wa Batha. Alikimaliza chumba upesi, bila kibali, na dirisha akalitoboa kuelekea ua wa jirani. Jirani alilalamika kwamba wanawake wake wanaonekana, na alikuwa na haki. Mansur hakuona haya. Aliwaambia mafundi walizibe kwa matofali kabla mkaguzi hajafika. Kiyoyozi kilichokuwa dirishani akakihamishia juu ya mlango, waya zikining'inia. Nilimwuliza tutapumuaje. Akanijibu mbele ya bosi, "Mnaingia kulala. Mnataka kutazama nini?" Bosi akacheka, na hicho kicheko sijakisahau.

Mnamo tarehe 14 Machi, Ijumaa, saa nane na nusu mchana, Ivy alipanda kupumzika. Nilikuwa naosha vyombo niliposikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipofika juu, kiyoyozi kilikuwa kinawaka na mlango wote ni moto. Nilichota maji ya tangi kwa ndoo, nikamwaga hadi mikono ikababuka. Ivy aliita, "Dada, nitokee wapi?" Kisha nikamsikia akigonga matofali, pale palipokuwa na dirisha. Aligonga mpaka akanyamaza.

Jana madam aliniagiza niseme kwamba Ivy alikuwa akipika chumbani. Ni uongo. Mle hamkuwa na jiko wala kibiriti, na ninaomba uongo huo uandikwe pamoja na jina lake, Umm Fahd.

Leo asubuhi, hapa kituoni, Mansur amenijia akilia na hati ya tanazuli, yaani ya kumsamehe. Machozi yake yamenifurahisha, sifichi. Bosi akaongeza kwamba nikiitia hati hiyo kidole ataniruhusu kuondoka kesho na jeneza la mdogo wangu. Nikikataa, nitabaki, na Ivy atabaki mochari. Nimempigia mama simu kule Nyamira. Akasema, "Ivy hana haraka tena, mwanangu. Wewe usimwachilie huyo mtu."

Sisamehi. Nitakaa Riyadh hata miaka mpaka Mansur afungwe, na bosi aliyemleta afungwe naye. Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na nitayarudia mbele ya hakimu yeyote.

Sahihi ya shahidi: E. Kemunto

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya kwa Kiswahili na kuyakubali. Hati ya tanazuli imeokotwa sakafuni ikiwa imechanwa, na vipande vimeambatishwa kwenye jalada.