Usaili Uliofanyika Matangani

Wijdan shoga, leo kwenye matanga ya mama tumecheka!

Yule Leodegar, mwalimu wa kemia kutoka Dar, hakuambiwa kuwa usaili wake wa kazi umeahirishwa kwa msiba. Kafika chuoni, mlinzi kamwambia mkuu wa chuo, kaka Mahfoudh, yuko nyumbani kwetu, mtaa wa Bawshar. Kaingia, kawaona wanaume safu nzima, kimya. Akajua ndiyo kamati!

Ami kampa kahawa, kamuuliza kama ada, "Habari?"

Wijdan, KASIMAMA! Kataja shahada zote, na maabara atakayotujengea!

Ami: "Kwani huyu alimjuaje marehemu?"

"Marehemu nani?"

Marehemu nani, Wijdan! Alipoambiwa ni mama wa mkuu wa chuo, kajifunika uso, anajua kazi imekwenda.

Mahfoudh, tangu maziko hajasema neno, mabega yakatikisika. Tukadhani analia. Anacheka!

"Kaa, Daktari. Kamati yote imekuja hapa kuhani msiba. Endelea."

Kaendelea, wallahi. Wiki ijayo anaanza kazi. Mama kaenda zake, na bado kaajiri mtu.