Mama mkwe katika karakana ya viaskari

Hamida, acha kila kitu unisikilize. Mama mkwe leo nusura anifukuzishe kazi 😂😂

Si unajua ilikuwa siku ya ndugu kutembelea karakana yetu hapa Rasbura, tunakotengeneza viaskari vya mchezo wa mezani? Mama kashuka kutoka Kipatimu na kanga mpya. Bosi Dominick akamwonyesha mashine, akamwonyesha wapaka rangi, mama anaitikia tu, "Hongereni."

Kufika kwenye meza ya viaskari vilivyokwisha kukaguliwa, akavuta stuli, akaketi, akaanza kuvichambua kama korosho! Hiki huku, hiki kule. HAMIDA. Ukutani pameandikwa USIGUSE!

Namwambia, "Mama, jamani!" Ananijibu, "Mmechanganya vizima na vibovu."

Vibovu! Mbele ya bosi!

Dominick akaokota kimoja kwenye fungu la vibovu: mkuki umepinda. Cha pili hakina kisigino. Vyote kumi na tisa vina kasoro. Akauliza, "Nani kakagua hivi?"

Shoga, aliyekagua ni mimi.

Mama akamkazia macho. "Si mimi hapa? Hukuniona nikikagua?"

Bosi alicheka mpaka akakaa chini. Eti anataka mama arudi Jumatatu 😂

Tulipotoka getini mama akaninong'oneza, "Ndiyo maana wali wako hauishi mawe."