Magaloni Mawili ya Dawa Nyeupe

Kibondo,
14 Agosti 1976

Kwako dada Theodosia,

Mwakeye! Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mama na watoto, na kwamba baridi ya Munanila haijawazidi nguvu. Mimi sijambo, ila jino moja linanisumbua, na kwa kuwa nafanya kazi penye dawa naona haya kulilalamikia. Baba yangu naye hajambo. Bado yuko dukani kwake Kasulu, na bado ananiuliza habari zako, yule dada mcheshi niliyefanya naye kazi alipotelea wapi.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Pasikali. Nilifurahi kusikia kijiji chenu kimejengewa zahanati na kwamba wamekuomba uwe mhudumu. Lakini umeandika kuwa utakataa, kwa sababu ya yule mtoto wa Bazilio wa Kagerankanda. Kwamba mikono yako haifai tena kukaribia dawa, na kwamba kila mavuno unampelekea mama yake debe la maharage. Nilipofika hapo niliikunja barua nikaiweka chini ya godoro. Hii ni wiki ya tatu, ndiyo maana jibu limechelewa.

Kwanza nikupe habari za hapa. Mganga wetu, Bwana Leonidasi, ni mtu wa aina yake. Kila Jumamosi tukishafunga dirisha la dawa anatukalisha wote kwenye benchi la wagonjwa, hata mfua mashuka, na kutaka kila mmoja aseme alichokosea wiki hiyo au alichokaribia kukosea. Anasema hatafuti mtu wa kumfukuza, anatafuta tundu alizibe. Jumamosi ya kwanza tulitazama vidole vya miguu. Nani ajitie kitanzi mwenyewe? Ya pili akaanza yeye. Akasimulia alivyowahi kumchoma sindano mzee asiyeihitaji, kwa kuwa aliita jina tu, mzee akaitika, naye hakumwuliza anaumwa nini. Tulistaajabu, mganga mzima kujiumbua mbele ya wafagiaji. Ndipo Winifrida, anayepima wajawazito, akasema la kwake, na Jumatatu tulimkuta kazini kama kawaida.

Jumamosi iliyopita nikasema la kwangu. Nilianza na chupa. Wajua desturi ya watu wetu: mgonjwa huja na chupa yake kutoka nyumbani, ya soda au ya bia, imezibwa kwa gunzi, nasi humpimia humo dawa bila hata kipande cha karatasi. Nikawasimulia ile zahanati yetu ya zamani na magaloni mawili rafuni, moja la dawa ya kuhara, moja la dawa ya upele ya kupaka, zote nyeupe kama maziwa. Nikasimulia jinsi magaloni yalivyobadilishana nafasi, mtoto wa Bazilio akanyweshwa dawa ya upele, akashikwa na degedege, akarudishwa kwetu juu ya baiskeli ya baba yake. Nikasema Mungu alimnusuru siku ya tatu, na mhudumu akafukuzwa.

Bwana Leonidasi akauliza ni nani aliyegusa ile rafu.

Theodosia, ni mimi. Siku moja kabla mtoto hajaletwa, wewe ulikuwa mtoni unafua mashuka. Nilimwaga dawa ya upele, nikaona aibu, nikaipangusa mbiombio. Karatasi za majina zikalowa na kubanduka, nami nikayarudisha magaloni bila hata kunusa. Kesho yake nikampimia mtoto yule kwa mkono wangu mwenyewe. Mkubwa wetu alipouliza nani hufuta rafu, niliingiza mikono mfukoni mwa gauni nikasema, "Ni kazi ya Theodosia." Nilijidanganya kwamba si uongo, maana kweli uliifuta kila asubuhi. Ndiyo maana hata wewe uliamini. Ulilia ukisema labda uliyachanganya bila kujua, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikakuacha uamini. Binti wa mwenye duka akabaki kazini, wewe ukarudi kulima.

Nilipomaliza hakuna aliyenifokea. Bwana Leonidasi aliuliza neno moja tu: "Yeye mwenyewe anajua?"

Sasa unajua. Maneno haya haya nimeyaandikia ofisi ya wilaya na kutia sahihi yangu. Nakala imo humu, mwonyeshe mwenyekiti wa kijiji. Wakinifukuza, na wanifukuze. Sikuombi unisamehe upesi, kwa kuwa miaka mitatu si siku tatu. Nakuomba uikubali ile kazi.

Unakumbuka uliposema tufunge uzi mwekundu kwenye shingo ya galoni lisilo la kunywa, ili hata asiyejua kusoma ajihadhari? Nilikucheka, nikasema darasa la nne linataka kutufundisha utabibu. Tangu Jumatatu kila chupa ya dawa ya kupaka inayotoka hapa ina uzi mwekundu, na nimewaambia wenzangu wazo hilo ni la nani.

Nisalimie mama sana, na watoto, na wote wanaonikumbuka huko. Maharage ya mwaka huu pika ule na wanao. Debe la Kagerankanda niachie mimi, nitalipeleka mwenyewe na kumweleza mama wa mtoto.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaamina binti Tamimu