Neno Lililotoka kwa Maksai wa Mahari Yako

Dada Felista,

Shikamoo. Anayekuandikia ni mdogo wako Mniko, kijana aliyewapa watu wa wilaya mbili neno jipya bila kumaliza darasa la tano. Walimu wangu wamesoma hadi vipara na hawajawapa hata moja. Mimi mzima kama jiwe la kusagia. Shemeji Machage hajambo? Watoto je? Na wewe, bado unakoroma? Baba hajambo, ila kimya kimemzidi.

Umesema huko Nyamisangura sokoni wanawake wanaambiana wasileteane girimba, yaani ubishi wa hasira, na unauliza neno limetoka wapi. Dada, limetoka kinywani mwangu! Kabla ya hapo lilikuwa jina tu, la yule maksai wa madoa aliyekuja na mahari yako. Baba alimwita kwa upole kuliko anavyoniita mimi.

Siku ya kufungua shamba la ujamaa kila mji wa kijiji chetu ulileta maksai. Nilishawatangazia vijana wote kwamba mimi na Girimba ndio tutakaolima mstari wa kwanza mbele ya Bwana Shamba. Hatukufika mbali, Girimba akalala na nira shingoni. Nikamchapa, akatuinulia pembe. Mzee Waitara, balozi wetu wa nyumba kumi, akauliza kama huyu ni ng'ombe au ni mkwe aliyesusa chakula. Watu wakaangua kicheko. Ili wasinicheke mimi, nikapaza sauti kwamba huu si ugonjwa, hii ni girimba! Jioni hiyo mtoto aliyekataa kuoga alikuwa na girimba. Magari ya pamba yakalifikisha neno huko kwenu Tarime.

Baba hakucheka. Mahari ya binti yake imegomea kazi ya kijiji, na wengine walishaanza kuuliza kama binti mwenyewe naye yuko hivyohivyo huko alikoolewa. Akamtoa Girimba achinjwe, watu wa shamba wale. Tangu hapo hakai tena mlangoni pa zizi.

Mama anakusalimu sana, na mdogo wetu Esta pia. Shemeji mwambie nakuja kumla jogoo wake.

Sasa, dada, wakikucheka kwa neno hilo, ujue ni la uongo. Asubuhi ile nikifunga nira niliona kidonda shingoni, kibichi, kimeingia ndani. Nilikipaka jivu nikakaza nira juu yake, kwa sababu nilishajitapa. Ngozi niliichuna mwenyewe, nikaikunja upesi kidonda kisionekane. Baba hajui mpaka leo. Girimba hakuwa mbishi, alikuwa anaumia. Na nyama yake nilikula.

Ni mimi mdogo wako,
Mniko